Wazee wangali wanafariki kwa Korona, chanjo yao irudishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme jambo ambalo hapa Mombasa limenyamaziwa kwa muda mrefu, nalo ni kwamba wazee wetu wangali wanaugua na kufariki kwa Korona, na kwamba chanjo waliyopewa mwaka 2021 haitoshi tena kuwakinga. Najua wapo wasomaji watakaoshangaa kuona mtu bado anauandikia ugonjwa huo. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, barakoa tulizivua Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Lakini katika tangazo hilohilo mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema wazi kwamba kwisha kwa dharura si kwisha kwa ugonjwa. Sisi tulisikia nusu ya kwanza ya maneno yake, nusu ya pili tukaiacha, na wanaoumia kwa ajili hiyo ni wenye umri mkubwa.

Nitaanza na yaliyotufika nyumbani. Mwezi wa Julai mwaka 2024, wakati wa kipupwe, khalati yangu aliyekuwa na miaka 81 alianza kukohoa usiku wa kuamkia Jumatatu. Alikuwa akikaa Kibokoni, ghorofani, katika chumba ambacho dirisha lake limetazamana na ukuta wa jirani na ambamo feni huzunguka mchana kutwa bila ya kuingiza hewa mpya. Kufikia Jumatano hakuweza kuisoma Alhamdu mpaka mwisho bila ya kusimama katikati kutafuta pumzi. Alikuwa na presha na kisukari, kama wengi wa rika lake. Tulimchemshia tangawizi na ndimu, tukamfukiza kwa majani ya mkaratusi, na kila aliyesikia kwamba ni mgonjwa alipanda ngazi kuja kumtazama, akaketi ukingoni mwa kitanda, akambusu mkono. Sikumzuia hata mmoja, na hilo linanikaa moyoni mpaka leo.

Alhamisi tulimpeleka hospitali. Daktari alimwekea sikio kifuani, akasema mapafu yote mawili yameshikwa, akaandika nimonia na kuamuru atiliwe oksijeni. Nilipouliza kama atapimwa Korona, nilijibiwa kwamba vifaa vya kupimia havipo, na kwamba hata vingekuwapo, matibabu yangekuwa ni hayohayo. Alfajiri ya Jumamosi alifariki. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na baada ya swala tukamzika. Katika karatasi ya kifo yaliandikwa maneno matatu: nimonia, presha, uzee. Wiki hiyohiyo mjukuu wake, baharia anayelala nyumba hiyohiyo na aliyetangulia kukohoa siku nne kabla ya bibi yake, alipimwa kabla ya kupanda meli, na kipimo kikaonyesha kwamba ana Korona.

Siku ya tatu ya matanga, binti zake walifungua mkebe wa biskuti ambamo alizoea kuhifadhi karatasi zake za maana. Ndani mlikuwa na kitambulisho, cheti cha ndoa ambacho herufi zake zimefifia, risiti za maji za miaka mingi, na kadi ya chanjo ya Korona iliyofungwa katika kitambaa cheupe. Mistari miwili ya kadi hiyo ilikuwa imejazwa kwa kalamu ya buluu: dozi ya kwanza Aprili 2021, ya pili Julai 2021. Mistari iliyofuata ilikuwa mitupu. Kati ya ule mstari wa pili na siku aliyozikwa ilipita miaka mitatu.

Wala si kwamba alikataa kuchanjwa tena. Mwaka 2023 alikwenda mara mbili, kwa miguu yake, katika zahanati iliyo karibu kuomba dozi ya nyongeza. Mara ya kwanza muuguzi alimweleza kwa upole kwamba chupa moja ya chanjo hutosha watu kadhaa, kwamba ikishafunguliwa ni lazima itumike katika muda wa saa chache au inayobaki imwagwe, na kwamba kwa kuwa siku ile walikuwa wamefika watu watatu tu, chupa haingeweza kufunguliwa. Akaambiwa arudi siku nyingine. Aliporudi, chupa zenyewe hazikuwapo. Simlaumu muuguzi yule, kwa sababu alikuwa akifuata utaratibu wa kuzuia chanjo isipotee bure. Ninacholaumu ni kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyepewa kazi ya kuwakusanya hao watu watatu na wengine saba ili wafike siku moja.

Wasomaji watanikumbusha kwamba chanjo ile aliipata, tena mapema, kwa hiyo ilipaswa kumtosha. Ni kweli aliipata mapema. Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni 1, ilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, na kabla ya mwezi huo kwisha wenye miaka 58 na zaidi walikuwa wameruhusiwa kujitokeza baada ya wahudumu wa afya, walimu na askari. Kisha India, ambako chanjo hiyo ilikuwa ikitengenezwa, ikazuia kuiuza nje kwa sababu ya msiba uliokuwa umeifika yenyewe, na hapa kwetu muda wa kungojea dozi ya pili ukarefushwa kutoka wiki 8 hadi wiki 12. Wazee walingoja, na siku zao zilipofika wakarudi. Kwa hilo wanastahili heshima ambayo hatujawapa.

Lakini chanjo hii si kama ile ya ndui iliyoacha kovu begani na kumlinda mtu kwa miaka mingi. Mwili ukichanjwa hutengeneza kingamwili, ambazo humzuia mdudu wa ugonjwa asiingie katika chembe za mwili, na pamoja nazo huacha chembe za kumbukumbu ambazo zitamtambua akirudi. Kingamwili hupungua baada ya miezi kadhaa kwa kila mtu. Chembe za kumbukumbu hudumu zaidi, na ndizo zinazomwezesha kijana kuugua siku tatu kisha akarejea kazini. Kwa mzee mambo ni tofauti, kwa kuwa kinga nayo huzeeka kama yanavyozeeka macho na magoti: ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo askari wa mwili hukomaa, huanza kunywea tangu ujanani, na kwa mtu wa miaka 80 imebaki kidogo sana. Mwitiko wake kwa chanjo huwa dhaifu zaidi tangu mwanzo na hupungua upesi zaidi. Juu ya hayo, kirusi chenyewe kilibadilika. Chanjo za mwaka 2021 zilitengenezwa kwa kufuata umbo la kile kilichoanzia Wuhan, ilhali aina mpya ya kirusi hicho, Omikroni, ilijulikana Novemba 2021, baada ya khalati yangu kumaliza dozi zake mbili, na vizazi vilivyokuja baadaye vyote vimetokana na hiyo Omikroni. Ndiyo sababu watengenezaji wakabadilisha chanjo zao mwaka 2023, na tena mwaka 2024, ili zilingane na kirusi kinachozunguka.

Kwa sababu hizo, Machi 2023 jopo la wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo liliwapanga watu katika makundi kulingana na hatari inayowakabili. Watoto na vijana wenye afya njema waliwekwa mwisho, na kila nchi ikaachiwa ipime yenyewe kama inafaa kuwachanja. Waliowekwa mbele ni wazee, wenye maradhi kama kisukari na moyo, wale ambao kinga yao imedhoofishwa, wanawake wajawazito na wahudumu wa afya walio mstari wa mbele, na kwa wazee ikapendekezwa dozi ya nyongeza miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho. Uingereza imekuwa ikiwaita watu wa miaka 75 na zaidi kila majira ya machipuo. Marekani, mwezi Februari 2024, iliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dozi nyingine juu ya ile waliyopewa katika msimu uliotangulia. Sisi hatukuwa na haja ya kuiga kila wanalofanya matajiri. Lakini ushauri wa Shirika la Afya Duniani uliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, na khalati yangu alikuwa ndani ya kundi la kwanza kwa umri wake na kwa maradhi yake.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba Korona haikuwaua Waafrika kama ilivyowaua Wazungu, kwa hiyo fedha ziende kwenye malaria na kipindupindu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo inahitaji kujibiwa kwa makini. Idadi rasmi ya waliofariki Kenya tangu mwaka 2020 ni karibu watu 5,700, ambayo ni ndogo mno ukiilinganisha na Marekani, waliopoteza zaidi ya watu milioni 1. Taifa letu ni la vijana, na hilo lilituokoa katika mengi. Lakini idadi hiyo inahesabu wale tu waliopimwa na matokeo yao yakaandikwa, na khalati yangu hayumo.

Hapa jirani zetu wa Kilifi wanaweza kutufundisha kitu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamekuwa kwa miaka mingi wakiwafuatilia watu wa eneo moja la kaunti hiyo, nyumba kwa nyumba, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Hawamngojei mtu afike hospitali ndipo wamhesabu. Kwa hiyo waliweza kufanya jambo ambalo Mombasa hatuwezi kulifanya: walichukua vifo vya miaka 9 iliyotangulia, wakakadiria ni wangapi wangetarajiwa kufariki kama Korona isingekuja, kisha wakalinganisha na waliofariki kweli kati ya Aprili 2020 na Mei 2022. Kwa watu wote kwa jumla, vifo vilizidi matarajio kwa asilimia 4.8. Mtu akiishia hapo atasema kwamba Pwani ilipona. Lakini walipowatenga wenye miaka 65 na zaidi, waliona vifo vyao vimezidi kwa asilimia 11.6, huku makadirio ya vifo vya watoto wa kati ya mwaka 1 na 14 yakiwa yameshuka chini ya matarajio. Hesabu ya jumla ilikuwa imewaficha wazee. Na watafiti hao wenyewe wakahitimisha kwamba jambo hilo linaonyesha umuhimu wa kuwafikia wazee wengi kwa chanjo.

Nimeurudia utafiti huo mara nyingi, kwa sababu Kilifi si nchi ya mbali. Ni watu tunaooana nao, wanaokuja Kongowea kuuza maembe na nazi zao alfajiri na kurudi jioni kwa matatu. Kama kule ambako watu huketi uani chini ya mwembe hali ilikuwa hiyo, mimi siamini kwamba Kibokoni, Majengo au Bondeni, ambako bibi na wajukuu wanane hulala katika vyumba viwili, hali ilikuwa nafuu zaidi. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, na wengi wao hawajijui. Ugonjwa huu ukimkuta mtu wa namna hiyo akiwa na miaka 75, huwa haumkuti na akiba ya nguvu.

Kwa nini basi Mombasa hatuoni? Sababu mojawapo ni jinsi tunavyoandika vifo. Anayefia hospitali huandikiwa fomu na daktari. Anayefia nyumbani hupelekwa taarifa yake kwa naibu wa chifu, ambaye hujaza fomu nyingine na kutoa kibali cha mazishi, naye si tabibu, kwa hiyo huandika aliloambiwa na wafiwa. Kwetu sisi Waislamu mazishi hayangojei. Mtu akifariki usiku, asubuhi watu wako makaburini, na hiyo ni sunna njema ambayo sitaki mtu aiguse. Lakini katika haraka hiyo, aliyekuwa mzee huandikiwa uzee, au homa, au kifua, na wote tuliopo huona kwamba inatosha. Uzee hausimamishi pumzi ya mtu aliyekuwa wiki iliyopita akipanda ngazi mwenyewe na kuwasimulia wajukuu hadithi mpaka usiku. Kuna kitu kilichomuua, na tunapoandika uzee tunajinyima njia ya kukijua.

Sababu nyingine ni hofu, na lazima isemwe kwa haki. Wakazi wa Mji wa Kale hawajasahau Mei 2020, mtaa ulipofungwa na askari wakasimama kwenye njia za kuingilia, na watu wakawa wanahofia kupimwa kwa sababu aliyekutwa na ugonjwa alichukuliwa kwenda karantini huku jirani zake wakitazama. Waliofiwa wakati ule waliambiwa wasizidi watu 15 mazishini, na wapo ambao hawakuruhusiwa kumwosha maiti wao kwa mikono yao. Jeraha hilo ni la kweli, na waliolipata wana haki ya kulikumbuka. Ila masharti hayo yamekwisha zamani. Leo mtu akipimwa na kukutwa na Korona hakuna atakayemfungia nyumba wala kumnyang'anya maiti wake, na kuendelea kulificha jina la ugonjwa ni kujidhuru wenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na vilio mwaka ule havikuwa vichache mtaani kwetu.

Kuna pia uvumi juu ya chanjo zenyewe, ambao huzunguka katika simu za wazee wetu kwa sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana. Mei 2024 zilipotoka habari kwamba AstraZeneca imeondoa kibali cha chanjo yake katika Umoja wa Ulaya, nilisikia barazani kwamba wote waliochanjwa watakufa. Ukweli ni kwamba chanjo hiyo, katika matukio machache sana, ilisababisha damu kuganda, jambo lililojulikana na kutangazwa tangu mwaka 2021, na kwamba kampuni ilisema imeiondoa kwa sababu chanjo mpya zaidi zimejaa sokoni na yake haikuwa ikinunuliwa tena. Mzee akielezwa hivyo, madhara na faida pamoja, hupima mwenyewe, kwa kuwa amepima makubwa zaidi katika maisha yake. Kwa upande wa faida, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mapema mwaka 2024 kwamba katika kanda yake ya Ulaya peke yake chanjo za Korona ziliokoa maisha ya watu wasiopungua milioni 1.4, na karibu wote walikuwa na miaka 60 na zaidi. Anayewaambia wazee kwamba chanjo haina kazi awaeleze pia habari za watu hao.

Wala ugonjwa haujaondoka duniani. Katika mwezi mmoja tu wa Desemba 2023, miezi saba baada ya dharura kutangazwa kwamba imekwisha, nchi zinazoendelea kutoa taarifa ziliripoti vifo karibu 10,000, na nchi hizo zilikuwa chache, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika. Marekani, katika mwaka mzima wa 2023, walifariki watu zaidi ya 70,000 kwa Korona au ikiwa mojawapo ya sababu, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 65. Sisi hatumo katika orodha hizo, na tunakosea tukidhani kwamba asiyehesabu hafi.

Sasa nije kwenye ninachoomba, na ninakiomba kwa Wizara ya Afya na kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwa pamoja, maana tangu ugatuzi uje mwaka 2013 zahanati ni za kaunti na ununuzi wa chanjo ni wa Serikali ya Kitaifa, na mwananchi akiuliza hutumwa huku na huku.

Kwanza kabisa chanjo yenyewe ipatikane. Mpango wa COVAX ulifungwa tarehe 31 Desemba 2023, na hatuwezi kuendelea kukaa tukingojea shehena ya msaada. Sisemi tununue dozi za watu wote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wenye miaka 60 na zaidi kuwa takriban milioni 2.7 kati ya watu milioni 47.6, yaani chini ya asilimia 6. Tukianza na wa miaka 75 na zaidi, na wenye kisukari au figo, idadi hupungua tena. Ni kundi ambalo bajeti ya taifa inaweza kulibeba bila ya kuwanyima watoto chandarua na chanjo zao, na mtu anayetupambanisha, wazee upande mmoja na watoto upande wa pili, hatutendei haki.

Kisha wazee wafuatwe waliko. Tangu Septemba 2023 nchi hii ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, waliopewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na wanaopita nyumba kwa nyumba. Huyu wa mtaa wetu anawajua wazee wote kwa majina, anajua nani anapanda ngazi na nani hawezi tena, nani ana mtoto wa kumshika mkono na nani anakaa peke yake na paka wake. Akiambiwa kwamba chupa inahitaji watu kumi, kumi atawapata kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo kazi iliyokosekana siku ile khalati yangu aliporudishwa. Wako pia wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii, na majina yao tayari yamo katika daftari la serikali. Siku ya malipo muuguzi mmoja mwenye sanduku la barafu, akiketi kivulini karibu na foleni, angewafikia watu ambao zahanati haiwaoni mwaka mzima. Siku ya Ijumaa baada ya swala, au Jumapili baada ya ibada, ua wa msikiti au wa kanisa unafaa vilevile, na sidhani kwamba kuna imamu au padri wa Mombasa atakayekataa kutoa nafasi na kusema neno moja la kuwatia moyo watu wake.

La upimaji nalitaja kwa ufupi, kwa sababu halina ugumu. Vipimo vya haraka virudishwe katika wadi na zahanati kwa ajili ya kila mzee anayefika na kifua kilichobana. Ile kauli kwamba matibabu ni yaleyale siikubali. Kama tungejua Alhamisi ile, wageni wasingepanda ngazi, aliyemlisha angevaa barakoa, na khalati na mdogo wake wasingekunywa kikombe kimoja.

Na sisi wenyewe, watu wa nyumba, tuna sehemu yetu ambayo hatuwezi kumtupia waziri. Mwenye mafua asiende kumwona mzee, hata ikiwa ni sikukuu na hata ikiwa ataambiwa ana kiburi. Kama ni lazima aende, avae barakoa, madirisha yafunguliwe, na mkono wa bibi usibusiwe mpaka siku nyingine. Nawaambia hasa vijana wetu wa bandarini, wa vivuko vya Likoni na wa matatu, ambao hukutana na maelfu ya watu kwa siku na kuurudisha nyumbani ugonjwa ambao wao wenyewe hawausikii zaidi ya kukwaruzwa koo. Mjukuu yule baharia hajapata usingizi mwema tangu siku alipoona kipimo chake. Nimemwambia mara nyingi kwamba si yeye aliyemuua bibi yake, na hilo naliamini, kwa sababu kijana asiyejua hawezi kuwa na kosa, na mzee ambaye alitafuta chanjo mara mbili akarudishwa alikuwa ameachwa wazi na sisi sote.

Khalati yangu ameacha mdogo wake, ambaye walilala chumba kimoja kwa miaka 20. Ana miaka 76 na presha inayopanda na kushuka. Naye aliugua wiki ile, akapona baada ya siku kumi, lakini mpaka sasa akipanda ngazi husimama mara mbili. Kadi yake imo katika mkebe uleule wa biskuti, na mistari iliyojazwa ni miwili vilevile, ya mwaka 2021. Amenituma nimuulizie, nami kwa kuwa milango niliyobisha haikufunguliwa, nauliza hapa, mbele ya wasomaji wote: nimpeleke zahanati gani, siku gani, na niende na wazee wangapi ili chupa ifunguliwe?

Mkazi wa Mji wa Kale,
Mombasa